Mahale si Mali ya Wageni Peke Yao

Kuna usemi ambao umerudiwa katika semina nyingi hata umepata heshima ya ukweli, kwamba Mtanzania hana utamaduni wa kutalii. Husemwa na maofisa wenye shahada, huandikwa katika taarifa zenye majalada mazuri, na wanaousikiliza hutikisa vichwa kukubali, hunywa chai ya saa nne, husaini karatasi ya posho na kuondoka. Usemi huo ni wa uongo. Ubaya wake mkubwa ni kwamba humtupia mwananchi lawama ya kosa ambalo si lake, na wakati huo huo huwapa nafasi ya kupumzika wale ambao kazi yao ni kulisahihisha.

Mahali pazuri pa kuupima usemi huo ni Kapalamsenga. Kata hiyo imo katika wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi, upande wa magharibi ambako nchi inateremka kuelekea ziwani. Ni nchi ya wakulima na wafugaji, na ardhi yake inajulikana kwa shaba. Upande wake wa kaskazini, mbele ya mpaka wa mkoa, inasimama milima ya Mahale, ambayo kilele chake cha Nkungwe kina urefu wa mita 2,462 kutoka usawa wa bahari. Kwa kuwa uso wa Ziwa Tanganyika wenyewe uko kwenye mita 770 hivi, mlima huo huinuka kutoka majini kwa zaidi ya mita elfu moja na mia sita katika mwendo mfupi. Mvuke wa ziwa hupanda, hupoa kwenye miteremko ya magharibi na kuwa mvua, na mvua hiyo ndiyo inayolea msitu mzito chini, mianzi juu zaidi, na majani ya milimani kwenye vilele. Upande wa mashariki, ambako mvua ni kidogo, kuna miombo ile ile ambayo mtu wa Mpanda anaijua tangu utoto. Ndani ya kilometa za mraba 1,613 tu, mwalimu wa jiografia anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake somo la mwaka mzima bila kuandika neno moja ubaoni.

Mahale ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Haina barabara ndani yake. Anayeingia huingia kwa maji na kutembea kwa miguu. Mgeni kutoka Ulaya au Marekani hupanda ndege ndogo Arusha, huvuka nchi yote kutoka kaskazini-mashariki hadi magharibi, hutua kwenye kiwanja kidogo karibu na hifadhi, hupokewa kwa mashua, na jioni yake huwa ameketi mchangani akitazama jua likizama upande wa Kongo. Kesho yake huongozwa msituni kuwatazama sokwe mtu. Akirudi kwao huwasimulia rafiki zake kwamba amefika mahali pa mbali kabisa duniani.

Pa mbali kwa nani? Mwalimu wa shule ya msingi ya Kapalamsenga yuko karibu na Mahale kuliko mtu yeyote wa Arusha, sembuse wa London. Lakini mwalimu huyo humfundisha mtoto habari za sokwe kwa picha ya kitabu, tena kitabu kimoja kikigombewa na watoto watatu au wanne. Anajua kwamba milima ipo. Anajua pia kwamba hana njia ya kufika. Kiingilio si kikwazo, maana kiingilio cha Mtanzania hutozwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo sana ya dola anazotozwa mgeni. Kikwazo ni chombo. Kukodi mashua ya injini, pamoja na mafuta ya kwenda na kurudi, ni gharama inayoweza kumeza mshahara wa mwezi na kumwacha mwalimu akidaiwa dukani. Akiamua kupanda mitumbwi ya abiria, yenye kubeba watu, dagaa na mafuta ya mawese kwa pamoja, anatia roho yake na roho za watoto wa wenzake juu ya ziwa lenye kina kirefu cha pili duniani, ambalo upepo wake wa kiangazi wavuvi wenyewe wanauheshimu. Na tangu meli ya Liemba, chombo cha enzi za Wajerumani kilichokuwa kikipita mwambao huo kwa miaka mingi, iliposimamisha safari zake mwaka 2018 kwa ajili ya matengenezo, watu wa mwambao walionja upya maana ya kuachwa ufukweni.

Basi mlango umeachwa wazi na njia imefungwa, kisha anayeshindwa kupita anaambiwa hana utamaduni. Huo ni ufedhuli.

Tena wanaosema hivyo hawaijui historia ya mlima wenyewe. Muda mrefu kabla ya neno utalii kuingia katika ofisi zetu, Watongwe walikuwa wakiishi katika milima hiyo na kando ya ziwa. Walilima mihogo katika mabonde yake, waliweka mizinga ya nyuki, walijua kila mti kwa jina na kwa kazi yake, na waliutambikia mlima wa Nkungwe. Watu waliokuwa wakipanda mlima kwa heshima na kwa miiko yake, wakishuka na habari za kuwasimulia wadogo zao, walikuwa na utamaduni wa kuzuru kuliko huo unaotangazwa katika vijitabu vya rangi. Katikati ya miaka ya 1970, wakati wa kuhamia vijijini, Watongwe wa Kasoge waliteremshwa kutoka makazi yao, na hifadhi ilipoanzishwa mlango wa kurudi ukafungwa. Wengine wao na jamaa zao wako leo wilayani Tanganyika, ambako kata mojawapo ina jina la Tongwe. Kuhama kwao kulikuwa na sababu zake, na msitu umepona kwa sehemu kutokana na kuhama huko. Lakini haifai mtu aliyehamishwa ili mlima uhifadhiwe, naye akatii, aje kuambiwa na ofisa aliyezaliwa mjini kwamba hapendi milima.

Wataalamu wa Kijapani walilitambua jambo hilo mapema kuliko wengi wetu. Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza uchunguzi wake wa sokwe huko Kasoge mwaka 1965, na kazi aliyoianzisha imeendelea hata baada ya kifo chake mwaka 2011. Ni moja ya chunguzi za sokwe zilizodumu muda mrefu kabisa duniani, sambamba na ile ya Gombe. Kazi hiyo isingewezekana bila Watongwe. Wao ndio waliofuata nyayo, waliotaja majina ya miti, waliojua mlio wa sokwe aliyeshiba na mlio wa sokwe aliyeogopa.

Mfano mmoja unatosha. Novemba 1987, sokwe jike aliyepewa jina la Chausiku alionekana akiwa mgonjwa na mnyonge. Akaenda kwenye mti ambao sokwe hawali kila siku, akamenya vijiti vyake na kutafuna kiini chake kichungu. Baadaye akapata nafuu. Waliokuwa wakimtazama ni Michael Huffman, mtafiti Mmarekani aliyetoka Kyoto, na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mtumishi wa wanyamapori na mjuzi wa mitishamba. Kalunde ndiye aliyeutambua mti ule, ambao Watongwe huuita mjonso, na ndiye aliyemweleza mwenzake kwamba watu wa huko huutumia kutibu homa na maradhi ya tumbo. Mwaka 1989 habari hizo zilichapishwa katika jarida la kitaalamu kwa majina yao wawili, na tangu hapo zimetajwa katika vyuo vya dunia nzima kila panapozungumzwa habari za wanyama kujitibu. Ni mwanafunzi yupi wa sekondari ya Katavi aliyefundishwa jina la Kalunde? Ni chuo gani cha ualimu kilichomtaja katika somo la sayansi? Majina ya wazungu waliopita katika ziwa hilo karne ya 19 wanafunzi wanayakariri hadi leo. Hiyo ndiyo kasumba yenyewe, na haiondolewi kwa mabango.

Kuna wanaojikinga kwa Mwalimu Nyerere. Husimulia kwamba yeye mwenyewe alisema hakuwa na hamu ya kutumia likizo zake kutazama mamba. Ni kweli alinena maneno ya namna hiyo, kwa unyofu wake wa kawaida. Lakini wanaoyarudia huishia hapo kwa makusudi. Mwalimu huyo huyo, Septemba 1961, miezi michache kabla ya bendera ya kikoloni kushushwa, aliahidi mbele ya mkutano wa Arusha kwamba nchi itawalinda wanyama na misitu yake kwa ajili ya wajukuu. Wajukuu hao ndio wanafunzi wa Kapalamsenga wa leo. Amana ambayo mwenyewe haruhusiwi kuiona hata mara moja maishani mwake ina tofauti gani na mali ya mtu mwingine?

Wako pia wanaosema, kwa nia njema zaidi, kwamba watu wengi wakiingia Mahale sokwe watakufa. Hoja hii isipuuzwe. Sokwe huambukizwa maradhi ya binadamu kwa urahisi. Mwaka 2006 ugonjwa wenye dalili za mafua uliingia katika kundi la M, lile lililozoeshwa watu, na baadhi yao wakafa. Ndiyo maana mgeni huvaa barakoa, hukaa mbali kidogo, hatazami zaidi ya saa moja, mwenye mafua haruhusiwi kabisa, na watoto wadogo hawapelekwi. Lakini kanuni hizo hazina rangi wala taifa. Mapafu ya mtalii wa dola hayana usafi kuliko mapafu ya mwalimu wa Katavi. Kama nafasi za kuwaona sokwe kwa siku ni chache, basi suala ni kugawa hizo chache kwa haki, sehemu yake iwekwe kwa ajili ya wananchi wa mikoa ya jirani, na isiuzwe hata mnunuzi akiongeza bei. Aidha, Mahale ina mengine mengi kuliko sokwe. Mwanafunzi mdogo asiyeruhusiwa kufika kwao anaweza kuoneshwa msitu wa pwani ya ziwa, mbega wekundu, samaki wa ziwani wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na mlima ukiwa umefunikwa wingu saa ambayo Mpanda kunawaka jua.

Hata hivyo, haki ya kutembea si sababu kubwa kuliko zote. Iko nyingine ambayo watumishi wa serikali wa Katavi wangepaswa kuwa wa kwanza kuifahamu, nayo ni kwamba sehemu kubwa ya sokwe wa Tanzania hawaishi ndani ya hifadhi za taifa. Wanaishi nje ya Gombe na Mahale, katika misitu na miombo ya Kigoma na Katavi, ikiwamo milima ya Ntakata iliyo katika wilaya hiyo hiyo ya Tanganyika. Huko hakuna askari wa hifadhi penye kila njia. Kuna serikali ya kijiji. Anayeamua kama bonde lifyekwe au liachwe ni mkutano wa kijiji, ni ofisa mtendaji, ni bwana shamba anayetoa ushauri, ni mwalimu ambaye maneno yake husikilizwa kwa kuwa ndiye aliyesoma. Mtalii wa Marekani, hata atoe machozi akimtazama sokwe, hana kura katika mkutano huo. Wenye kura hawajawahi kupelekwa. Fedha na maarifa vimemwagwa kumwelimisha mtu ambaye baada ya siku nne anapanda ndege, na yule anayeshika panga na jembe mwaka mzima ameachwa na bango la onyo.

Na miti ile ina kazi nyingine, ambayo mtu wa Mpanda anaiona bila kulipa kiingilio. Mto Katuma huanzia katika nchi ya juu ya wilaya hiyo, hupita Sitalike, kisha huingia katika Hifadhi ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974. Abiria wa basi la Sumbawanga huwaona viboko hapo Sitalike kutoka dirishani. Katika miaka ambayo maji yalizuiliwa juu kwa mabanio ya mashamba na misitu ya vyanzo ikafyekwa, viboko hao walionekana wakiwa wamesongamana kwa mamia katika madimbwi ya tope wakati wa kiangazi. Mwanafunzi aliyesimama siku moja kwenye chemchemi ya mlimani, kisha siku nyingine akasimama Sitalike, hahitaji hotuba ya mgeni rasmi Siku ya Mazingira. Aliyeona tope peke yake atadhani ni kudra.

Vijiji vinane vya wilaya ya Tanganyika vimekwisha kuonyesha kwamba mwananchi akiona faida na akawa na sauti, msitu hulindwa. Vijiji hivyo, kwa mpango wa hewa ya ukaa katika milima ya Ntakata, hupokea malipo kwa kutofyeka misitu yao, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Mpango huo una wakosoaji wake, na si kila hesabu ya hewa ya ukaa ni ya kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Lakini umezika hoja ya kwamba mwanakijiji ni adui wa msitu. Iwapo kijiji kinaweza kuulinda mlima kwa mkataba, kijiji hicho kinastahili kuupanda kwa miguu.

Sasa yafaa kuitazama kwa karibu sababu inayotolewa kwa sauti ya chini zaidi, nayo ni ya mipaka. Ukimuuliza mtumishi wa Katavi kwa nini shule zake haziendi Mahale, hujibu kwamba Mahale iko Kigoma, wilaya ya Uvinza. Ni jibu sahihi kwa ramani, na ni jibu la aibu kwa mtu mzima. Wakati wa ukoloni Mpanda na Kigoma zilikuwa katika jimbo moja la Magharibi. Baada ya Uhuru Mpanda ikawa ya Tabora, mwaka 1974 ikaingizwa katika mkoa mpya wa Rukwa, na mwaka 2012 ukazaliwa mkoa wa Katavi. Mzee wa Kapalamsenga amebadilishiwa mkoa mara kadhaa bila kuhamisha hata jiko lake. Sokwe nao huvuka mpaka wa Kigoma na Katavi wakitafuta matunda, na hakuna aliyewahi kuwadai barua ya uhamisho. Kinachoshindikana ni barua moja ya ofisi ya mkoa kwenda ofisi ya mkoa mwingine.

Filamu ya Royal Tour, iliyozinduliwa New York Aprili 2022, ilifanya kazi yake. Dunia iliambiwa njoni, nayo ikaja. Fedha za kigeni ni kitu cha lazima kwa nchi, na hakuna mwenye akili atakayezikejeli. Lakini janga la Korona mwaka 2020 lilionyesha jinsi uchumi uliojengwa juu ya mgeni peke yake unavyosimama: ndege zilipositishwa, kambi zikafungwa, waongozaji wakarudi kulima. Nchi iliyofundisha dunia neno kujitegemea ilikuwa na milima, ilikuwa na wananchi, na haikuwa na mashua ya kuwakutanisha.

Mashua hiyo si ndoto. Bandari ya Karema imejengwa upya kwa mabilioni ya shilingi za umma kwa ajili ya mizigo ya Kongo, na iko katika wilaya hiyo hiyo. Chombo kimoja cha serikali, chenye maboya ya kutosha na nahodha mwenye leseni, kikitoka Karema mara chache kwa mwaka katika siku ambazo ziwa limetulia, kingefikisha Mahale mamia ya walimu na wanafunzi kwa msimu. Hifadhi inayo mabanda ya kulala ya bei ya mwananchi. Chakula ni unga, maharage na dagaa, ambavyo Karema haijawahi kuvikosa. Wazee wa Kitongwe wanaoujua mlima wapo, na wangelipwa kuwa wakufunzi badala ya kuitwa siku za ngoma kumpokea kiongozi.

Na walimu wasijitoe katika lawama. Shule nyingi hukusanya michango ya wazazi kwa ajili ya mahafali, yenye keki, maturubai na muziki wa kukodi. Katika mahafali hayo mtoto hujifunza kula keki. Vivyo hivyo ofisi: idara inayopata fedha za kuwapeleka watumishi wake kwenye warsha ya siku tatu katika hoteli ya mji mwingine, wakajadili uhifadhi wa mazingira chini ya feni, haiwezi kudai kwamba haina fungu la kuwapeleka watumishi hao hao mlimani. Bwana shamba aliyelala usiku mmoja Kasoge akasikia sokwe wakipigiana kelele alfajiri atarudi Kapalamsenga akiwa ofisa mwingine. Aliyetoka warshani hurudi na mkoba.

Makisio ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Madiwani wa wilaya ya Tanganyika watakapoyafungua makabrasha yao, wataona fungu la semina, fungu la viburudisho na fungu la mafuta ya magari. Wamwulize Mkurugenzi, mmoja baada ya mwingine hadi ajibu, fungu la mashua liko ukurasa gani.